Granada hadi Sarajevo: miji miwili ya mbali yenye nasaba moja

Maelezo haya nimeyaunganisha baada ya kurudi nyumbani Hamburg, kutoka kwenye daftari langu, risiti nilizozitunza na picha za simu. Msafiri mwenzangu alikuwa mjomba wangu wa Lamu, fundi wa chokaa ambaye umri wake wote ameutumia kukarabati majumba ya mawe: kuta, zidaka na plasta za kuchonga. Alikuja Ulaya akiwa na haja moja, kuiona Alhambra, ngome ya kasri za kale za Waislamu huko Granada. Sarajevo niliiongeza mimi. Kati ya miji hii kuna kilomita kama 2,000 kwa njia ya anga, mmoja Uhispania, kusini-magharibi mwa Ulaya, mwingine Bosnia, katikati ya milima ya Balkani. Nilikuwa nimesoma kwamba inahusiana, nikataka tuone kama uhusiano huo bado unashikika kwa mkono au umebaki vitabuni.

Alhamisi: Málaga hadi Granada

Kutoka Málaga tulipanda basi, karibu euro 14 kila mtu, safari ya saa mbili hivi. Njia nzima ni mizeituni, safu baada ya safu hadi upeo wa macho. Mjomba alihesabu vilima mpaka akachoka, akauliza, "Mwanangu, haya yote huvunwa na nani?" Halafu ikatokea Sierra Nevada, ingali na theluji juu ingawa ulikuwa mwezi wa Mei na chini tulikuwa tumevua makoti.

Chumba chetu kilikuwa Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu, mlimani. Teksi haifiki kila kichochoro. Kuna vibasi vidogo vyekundu vinavyopanda huko kwa euro moja na senti, lakini kituo cha karibu kilituacha na ngazi nyingi za kupanda tukiwa na mizigo. Katikati ya ngazi mjomba alisimama kuvuta pumzi. Mlango ukafunguliwa, bibi mmoja akatoka na kiti cha mbao, akamkalisha, akarudi ndani kuleta maji. Hakujua neno la Kiingereza, na sisi Kihispania chetu kilikuwa cha salamu tu. Alisimama nasi mpaka glasi ikaisha, kisha akamwita kijana wa jirani abebe begi zito. Kijana alikataa pesa.

*Kwa atakayekwenda:* chukua begi la mgongoni, si la magurudumu. Vichochoro vya Albaicín vimetandazwa kokoto za mto, nyeupe na nyeusi, zilizopangwa kwa mapambo. Zinapendeza macho na zinavunja magurudumu.

Ijumaa: Albaicín

Asubuhi tulitembea bila ramani. Nyumba za hapa zimeipa njia mgongo: ukuta mrefu mweupe, mlango mmoja, na uzuri wote uko ndani, kwenye ua wenye bustani na chemchemi. Mjomba hakuhitaji kuelezwa mantiki yake. Nyumba ya heshima ya Lamu hujengwa kwa nia hiyohiyo, mpita njia asione kitu na mwenye nyumba asikose hewa.

Tuliingia kanisa la San Salvador. Ua wake ni ua wa msikiti mkuu wa Albaicín uliokuwa hapo kabla; matao bado yapo, miti ya malimau ipo, na birika la maji liko chini. Mbele kidogo ni kanisa la San José, ambalo mnara wake wa kengele ulikuwa mnara wa adhana wa karne ya 11. Mabirika ya umma yako mtaa mzima, mengi yakiwa na tao la matofali juu ya mdomo wake. Yalijengwa ili kila mtaa uwe na maji yake karibu na msikiti wake. Misikiti ilikwenda, mabirika yakabaki.

Swala ya Ijumaa tuliiswali katika msikiti mpya wa Granada, jirani na uwanja wa San Nicolás, uliofunguliwa mwaka 2003. Hotuba ilikuwa kwa Kiarabu na Kihispania. Wengi waliokuwa safu yetu walikuwa Wahispania waliosilimu, pamoja na Wamoroko na Wasenegali. Baada ya swala mzee mmoja alimshika mjomba mkono, akatupeleka bustanini, ambako Alhambra yote iko mbele yako ng'ambo ya bonde. Akauliza tunatoka wapi. Nilipotaja Lamu hakuijua. Nilipotaja Zanzibar uso ukamchangamka. Chai ya nanaa ikaja, na sahani ya tende. Mjomba alisema kidogo sana siku hiyo. Baadaye aliniambia alikuwa akipiga hesabu: zaidi ya miaka 500 kati ya mji kuanguka mikononi mwa Wakristo na msikiti huu kufunguliwa.

Jioni tuliteremka hadi uwanja wa Bib-Rambla. Leo ni mahali pa maua na churros, vitumbua virefu vya kukaanga vya kuchovya kwenye chokoleti nzito, na watoto wanakimbiza njiwa. Lakini uwanja huu una habari yake. Mji ulipokabidhiwa tarehe 2 Januari 1492, mkataba uliotangulia uliwaahidi Waislamu kubaki na dini yao na sheria zao. Haukudumu miaka kumi. Mnamo mwaka 1500 hivi, Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, aliamuru vitabu vya Kiarabu vikusanywe na kuchomwa hapa hadharani. Vya tiba ndivyo vilivyobakizwa. Mwaka huohuo wa 1492, tarehe 31 Machi, wafalme Isabel na Ferdinand walikwisha kutia saini, hapahapa Granada, amri ya kuwafukuza Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa. Wengi walikimbilia dola ya Waosmani, yaani ya Waturuki. Nilimwambia mjomba akumbuke hilo, tutalikuta tena.

Jumamosi: Alhambra

Tiketi ilikuwa karibu euro 20, na tuliinunua wiki nyingi kabla. Usiende ukitumaini kununua mlangoni. Tiketi ina jina lako, pasipoti inatazamwa, na kwenye kasri za Wanasri, ukoo wa mwisho wa masultani wa Granada, umepewa saa yako: ukichelewa umeikosa. Tulipangiwa saa tatu na nusu asubuhi, tukafika saa mbili.

Nilidhani nitamwonyesha mjomba Alhambra. Ikawa yeye ndiye anayenionyesha. Watalii walitazama juu na kupiga picha, yeye aliukaribia ukuta hadi pua ikakaribia kugusa. Alisoma maandishi, "Wa la ghaliba illa Allah", yaliyorudiwa kuta zote, kisha akaanza kusoma kazi: pale ilipochongwa kwa mkono, pale ilipokandamizwa kwa kalibu, pale fundi wa zamani alipounganisha vipande viwili na kuficha mshono ndani ya jani. Dari la Ukumbi wa Dada Wawili lina vipande vya plasta zaidi ya 5,000 vinavyoning'inia kwa ngazi. Alikaa chini yake mpaka shingo ikauma.

Mlinzi alituonya mara mbili tusiuguse ukuta. Mara ya tatu nilimweleza kwa simu, kwa tafsiri, kwamba huyu ni fundi wa kazi hii kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mlinzi akabadilika kabisa. Alituongoza hadi pembe moja, akatuonyesha mahali palipokarabatiwa, jinsi sehemu mpya zilivyoachwa nyepesi kidogo ili mtu asidanganywe kuwa ni za kale. Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa ni waaminifu," alisema.

Na maji. Katika Ua wa Simba, simba 12 wa marumaru wanabeba beseni lenye shairi la Ibn Zamrak limechongwa ukingoni. Maji yote ya mlima huu huletwa na mfereji uliochimbwa tangu wakati wa sultani wa kwanza wa Wanasri, karne ya 13, ukiyachota mto Darro kilomita kama 6 juu. Huyaoni yakitoka wapi wala yakienda wapi. Yanapita katika mfereji mwembamba kutoka chumba hadi ua, yakipoza sakafu.

Mchana tulikula biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa, chakula cha kale cha Andalusia ambacho mtu anayekwepa nguruwe anaweza kula kwa utulivu. Uliza kila mahali, maana hata sahani ya maharage huja na nyama ya nguruwe bila kutajwa. Usiku nilikwenda peke yangu Sacromonte, kwenye mapango ambako Wajitano, yaani Wajipsi wa Uhispania, huimba na kucheza. Sauti ile ya kulia, inayovuta silabi moja hadi inakatika, niliibeba kichwani hadi Balkani.

Jumapili: angani

Málaga, kubadili ndege Ujerumani, Split ya Kroatia usiku. Hakuna la kueleza.

Jumatatu: Split hadi Mostar

Basi la asubuhi. Dereva alitaka euro 2 kwa kila begi la chini, na alitaka sarafu. Nilikuwa na noti tu, foleni nyuma inanung'unika. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimlipa dereva sarafu za mabegi yetu kabla sijafungua mdomo, na nilipotaka kumrudishia Mostar alikataa, akapokea tu pakiti ya biskuti kwa ajili ya mtoto.

Mpakani tulikaa karibu saa mbili. Pasipoti zilikusanywa, zikarudi, ya mjomba ikabaki. Askari alitaka kuona visa, halafu tiketi ya kurudi, halafu visa tena. Abiria wote walisubiri kwa ajili yetu na hakuna aliyelalamika.

*Kwa wenye pasipoti za kwetu:* Bosnia haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja. Mjomba alipita kwa visa ya Schengen ya kuingia mara nyingi, ambayo Bosnia huitambua kwa ziara fupi. Visa ya kuingia mara moja ingemfungia mlango wa kurudi. Thibitisha na ubalozi kabla ya kulipia chochote, na uchapishe karatasi zako zote.

Mostar tulikaa jioni moja, kwa ajili ya daraja. Lilijengwa mwaka 1566, likaangushwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993 katika vita ya Bosnia, likafunguliwa upya Julai 2004. Mafundi walilijenga upya kwa jiwe la hapohapo na kwa njia ya zamani: mawe yameshikanishwa kwa vyuma vilivyozungushiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Mjomba alilivuka mara nyingi, akiteleza kila mara, maana juu ni laini kama sabuni.

Jumanne: treni ya Sarajevo

Ukiweza, panda treni badala ya basi. Ni kama saa mbili, kwa pesa chache, na reli inafuata mto Neretva, maji ya kijani kibichi chini ya miamba. Treni ni chache kwa siku, uliza stesheni jana yake. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alifungua karatasi yenye pita ya viazi, mfano wa sambusa kubwa ya kuokwa, akaikata vipande vinne, akatupa viwili kabla yeye hajaonja.

Sarajevo tulipanda tramu kutoka stesheni hadi Baščaršija, soko la kale. Kitu cha kwanza kukuta uwanjani ni Sebilj, kibanda cha mbao cha maji ya bure. Asili yake ni 1753, hiki cha sasa kilijengwa baadaye. Watu wanajaza chupa, watoto wanarushiana maji. Hatua chache mbele ni bomba jingine, na jingine. Mjomba alikunywa kila moja.

Jua lilipokuwa linazama tulisimama chini ya mnara wa saa, kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg. Simu yangu ilionyesha 20:08. Akrabu za mnara zilikuwa zinakaribia saa kumi na mbili. Nilidhani saa imeharibika. Mjomba alitabasamu: "Haijaharibika. Magharibi inaingia." Na adhana ikapigwa. Saa hii ya Sarajevo huhesabu kama tunavyohesabu sisi, kumi na mbili ni kuchwa kwa jua. Tofauti ni kwamba kwetu jua hutua karibu wakati uleule mwaka mzima, ilhali hapa wakati wa kuchwa husogea kwa saa kadhaa kati ya baridi na kiangazi, hivyo yuko mtu wa kuirekebisha. Kazi hiyo ilikuwapo tangu enzi za Waosmani, ili watu wajue nyakati za swala.

Jumatano: soko, ua, na maktaba

Gazi Husrev-beg alikuwa gavana wa Waosmani. Msikiti wake ulikamilika miaka ya 1530 na 1531, madrasa ikafuata 1537, pamoja na soko lenye paa, nyumba ya wageni na jiko la maskini. Vyote viliendeshwa kwa wakfu: kodi ya maduka inalipia maji, walimu na chakula. Madrasa ingali inafundisha. Granada nayo ina madrasa, ya Yusuf I, ya mwaka 1349. Leo hakuna mwanafunzi wa Qur'ani ndani yake. Granada ina pia nyumba ya wafanyabiashara ya karne ya 14, Corral del Carbón. Sarajevo ina Morića Han. Nimeziweka picha zake pamoja: ua wa mraba, ghorofa ya roshani za mbao, lango moja kubwa la kupitisha wanyama wenye mizigo. Anayeijua moja ataingia nyingine bila kuuliza njia.

Nyumba ya Svrzo, ya karne ya 18, ilikuwa siku ya mjomba. Ukuta wa nje umefunga kabisa. Ndani kuna ua wa kokoto, maji, waridi, madirisha yenye kimia cha mbao anapoweza mtu kutazama asitazamwe. Msimamizi alimwona akigonga ukuta kwa kidole, akamweleza kwa subira: fremu ya mbao, ikajazwa matofali ya udongo mbichi. Si mawe na plasta ya Granada, hali ya hewa na malighafi ni tofauti. Mpango wa nyumba ni uleule.

Mchana tulifika Vijećnica, jengo la ukumbi wa mji, lililokamilika 1896 chini ya utawala wa Austria na Hungaria. Wageni wengi wakiona matao yake yaliyopindwa na milia yake ya rangi husema, "Hii ni Alhambra!" Nami nawaomba wasiishie hapo. Mtindo huo uliletwa na wasanifu waliosomea Vienna, waliokuwa wameutazama zaidi usanifu wa Cairo. Ni jengo zuri, nalipenda, lakini udugu wa miji hii hauko kwenye matao yake.

Udugu uko kwenye ubao wa mlangoni. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1992, mji ukiwa umezingirwa vitani, Vijećnica, iliyokuwa Maktaba ya Taifa, ilipigwa kwa makombora kutoka milimani ikaungua na vitabu vyake zaidi ya milioni moja. Wakutubi na raia walijipanga kupitishiana vitabu mkono kwa mkono huku wakipigwa risasi. Waliookoa waliokoa sehemu ndogo. Jengo lilifunguliwa tena Mei 2014, rafu zake hazikurudi. Nikiwa chini ya kuba lile la vioo nilikumbuka njiwa wa Bib-Rambla, nikalia. Karibu miaka 500 imetenganisha mioto hiyo miwili, na lengo lilikuwa moja: watu wa mji huu wasahau kwamba waliwahi kuishi pamoja.

Mara hii hawakufaulu. Maandishi ya kale ya maktaba ya Gazi Husrev-beg yalihamishwa na watumishi wake toka jengo hadi jengo muda wote wa kuzingirwa, yakaokoka.

*Kwa atakayekwenda:* milima inayouzunguka mji ni ya kupendeza, ila bado ina mabomu ya kutegwa ardhini sehemu zake. Usitoke kwenye njia zilizowekwa alama. Kwa kutazama jua likizama, ngome ya Žuta tabija inatosha, ni kupanda kwa miguu kutoka sokoni na haina kiingilio.

Alhamisi: waliotoka Uhispania

Sinagogi la kale la Sarajevo lilijengwa 1581, kando ya soko, umbali mfupi kutoka msikitini. Sasa ni makumbusho. Walioliswalia walikuwa wajukuu na vitukuu wa waliofukuzwa Uhispania. Waliingia Sarajevo karne ya 16, wakaendelea kuzungumza Kihispania chao cha kale nyumbani, kuimba nyimbo zake na kupika vyakula vyake, kizazi hadi kizazi, mpaka Manazi na washirika wao walipowaua wengi wao. Waliobaki wakati wa vita ya 1992, kupitia chama chao cha La Benevolencija kilichoanzishwa 1892, waligawa chakula na dawa kwa kila mkaazi bila kuuliza dini.

Makumbusho ya Taifa yana Haggadah ya Sarajevo, kitabu cha Kiyahudi cha ibada ya Pasaka kilichoandikwa na kupambwa Uhispania mnamo 1350. Hakionyeshwi saa zote, ulizia siku kabla ya kukata tiketi. Mwaka 1942 afisa wa Kijerumani alipokuja kukitaka, mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut, alikificha. Mwaka 1992 kilitolewa tena katika jengo lililokuwa linashambuliwa. Tulikitazama kupitia kioo: karatasi za ngozi, dhahabu, na madoa ya divai ya karamu za zamani. Mjomba aliuliza kama aliyekificha alikuwa jamaa wa Wayahudi. Nikasema hapana, alikuwa mkutubi. Akasema, "Basi amana aliijua."

Jioni tulikunywa kahawa Baščaršija: birika dogo la shaba, kikombe kisicho na mkono, donge la sukari, kipande cha rahat lokum, halua laini ya Kituruki, vyote kwa marka 3, pesa ya Bosnia. Mwenye meza ya jirani alisikia Kijerumani changu akajibu kwa Kijerumani. Alikuwa mkimbizi Stuttgart miaka ya tisini, kama maelfu ya Wabosnia. Nilimwonyesha picha za Granada. Alizipitia taratibu, akasimama kwenye picha ya birika la San Nicolás, akauliza kama maji yake bado yananyweka. Nikasema hapana, limefungwa. Alisikitika kweli. Kisha akatuita twende naye kusikiliza sevdah, nyimbo za kale za mapenzi na huzuni za Bosnia, kwa rafiki yake, na hapo nikaisikia tena sauti ile ya Sacromonte ikivuta silabi moja hadi inakatika. Nyimbo hizi mbili zina historia zake mbalimbali, wala siwezi kudai ni mama mmoja. Mjomba, ambaye hakwenda Sacromonte, alisema zinamkumbusha tarabu ya zamani.

Jirani yetu wa meza alikataa tulipie kahawa. Tulipoagana alimwandikia mjomba anwani ya fundi wa plasta anayefanya kazi kwenye misikiti iliyobomolewa vitani, na wawili hao sasa wanatumiana picha za kuta kwa simu, bila lugha ya pamoja.

*La mwisho kwa atakayefuata njia hii:* badilisha marka zako zote kabla ya kuondoka Bosnia, nje ni vigumu kupata wa kuzipokea. Euro moja ni marka 1.95 na ushei. Chakula cha wawili Sarajevo, ćevapi (vipande vya nyama ya kusaga ya kuchoma) na mtindi, kilitugharimu chini ya nusu ya Granada. Na kama una nafasi ya kupanga, tangulia Granada, kisha uje Sarajevo, kwa sababu huko ndiko walikoelekea waliofukuzwa Uhispania.